Mwenye Kukodi Ndiye Mwenye Amri

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike. Taabu zangu hazina haraka, zinakusubiri hapahapa.

Mke wangu Mutinta alikuwa mpishi kwenye boti ya starehe, hapa kwetu Ziwa Kariba, upande wa Zambia. Jioni moja, miaka kadhaa sasa, nilimsindikiza mpaka gatini. Nilimwona kwa macho yangu akipanda, na boti ilipoondoka kwenda kuchukua wageni gati lingine, alinipungia kitambaa cha kufutia vyombo. Hakurudi.

Kwanza wenye boti walisema hakuwamo. Kisha Kapteni Mweetwa wa boti hiyo akaapa mbele ya polisi kwamba mama huyo alishuka kisiwa cha pili kwa miguu yake. Polisi wakaandika hivyo. Mimi nikawaambia nilimwona akipanda. Wakaniuliza, "Mzee, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Kaka yake Mutinta ni Diwani Hambulo, diwani wa kata yetu. Kwa sisi Watonga, mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na kaka yake ndiye mwenye msiba. Mume hana kauli. Diwani akakataa matanga. "Hakuna maiti, hakuna msiba," akasema, akafunga mlango.

Basi nikabaki hivyo, si mume, si mgane. Sijatakaswa, kamba nyeusi ya msiba iko shingoni, na kwenye pombe za watu kata yangu ya kunywea inawekwa peke yake kama ya mwenye ukoma.

Wiki jana niliishia pale Diwani alipobadili moyo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na wanawake wa sokoni walishamtungia wimbo wa mtu aliyemtupa dada yake. Akaniita. "Haya shemeji, tutammwagia pombe ya msiba. Lakini si kijijini. Nendeni ziwani, watu wachache, mmalize."

Nikamshika mikono yote miwili nikamshukuru. Mjinga mimi.

*

Ziwani unakwenda na nini? Mtumbwi? Nyuma ya kisiwa cha pili kuna mamba, na ile miti iliyokufa, iliyozamishwa na maji ya bwawa, imesimama humo kama mikuki. Nikawaomba wavuvi wa dagaa waniazime chelezo kimoja, vile wanavyovulia usiku kwa taa. Wakakataa wote. Msiba ukipanda kwenye chelezo, dagaa wanahama, walisema.

Ikabaki boti ya starehe. Ileile.

Mlinzi wa getini alinionya mapema. "Baba, usitaje msiba. Juzi wazungu walitaka kumwaga majivu ya baba yao, wakarudishwa na mkebe wao. Hapa ni starehe tu."

Ofisini nilimkuta mwanamke mpya, Bi Chileshe, tajiri wa boti kamleta kutoka Kitwe. Hakunijua, wala hakuijua habari yangu.

"Karibu baba! Sherehe gani?"

"Nataka boti jioni."

"Ndiyo, sherehe gani? Harusi? Wafanyakazi? Siku ya kuzaliwa?"

Nikadaka ya mwisho. "Siku ya kuzaliwa."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu."

Akapiga makofi. "Jamani! Wazee wa bonde hili nao wameanza mapenzi! Mimi wangu hata karanga hajawahi kuniletea. Anatimiza miaka mingapi?"

"Kuhesabu alishaacha."

"Tuko hivyo wanawake," akacheka. "Tukifika arobaini tunapiga kambi. Anajua, au mnamshtukiza?"

"Sijui kama anajua, mama."

"Nani atamleta gatini?"

"Atakuwa ametutangulia."

"Basi mwambie asivae viatu vya kisigino, vinatoboa sakafu yetu."

"Mwambie mwenyewe ukimwona," nikasema. "Viatu havai."

Akaniangalia kidogo, akaona ni utani wa kizee, akaendelea. Muziki? Wowote. Nyama ya kuchoma au samaki? Samaki sitaki, nikasema, nikasema kwa sauti kubwa mno. Samaki wa ziwa hili sijamla tangu siku ile. Sijui wamekula nini.

"Keki tuandike jina gani?"

"Keki ya nini?"

"Baba! Siku ya kuzaliwa bila keki? Imo ndani ya bei."

Nikamtajia jina. Akaliandika, akaniuliza kama ameliandika sawa. Nikamwambia ni sawa, ingawa macho yangu hayakuwa yanaona kitu.

"Sasa sikiliza sheria," akasema. "Hii si kivuko cha abiria. Boti ikikodiwa, mwenye kukodi ndiye mwenye amri. Kwenda, kusimama, kurudi, yote wewe. Kapteni hageuzi boti mpaka useme. Hata mgeni wako akiwa waziri, kapteni anakutazama wewe."

"Hata kukitokea jambo?"

"Jambo gani litokee, baba? Si ni sherehe?"

Ng'ombe wangu wawili wa plau waliishia kwenye meza ile. Siwasikitikii. Ninaowasikitikia ni sisi, watu wa kulipa ng'ombe ili turuhusiwe kulia.

*

Msiba bila mtani haupo. Ninyi mnaujua utani, siwafundishi. Mutinta alikuwa wa ukoo wa Tembo, na watani wa Tembo ni ukoo wa Mbuzi. Kwa hiyo nilikwenda sokoni kwa Namoonga, muuza dagaa, Mbuzi halisi, mwanamke ambaye akinyamaza watu wanauliza kama anaumwa.

Kazi ya mtani kwenye matanga anaijua kila mtu. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kwa sauti yake, anawatukana waliobaki. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Ukikasirika unatozwa kuku, na aibu juu.

Nikamweleza habari ya boti. Akaacha kupima dagaa.

"Yaani mke kakutoroka miaka yote hii, na wewe unamfuata na keki?"

"Nyamaza, mbuzi wewe."

"Tembo mzima kashindwa kuogelea! Na ule mwili! Mimi ningekuwa maji ningemrudisha mwenyewe, nani ataweza kumlisha?"

Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa juu ya gunia, na Namoonga akanifunika uso kwa kanga yake ili watu wasione kilichofuata baada ya kicheko.

"Nipe nguo zake," akaniambia polepole.

"Kule wasijue ni msiba mpaka tumwage pombe. Wanajua ni siku ya kuzaliwa."

"Basi mwenye siku ni mimi. Si umewaambia Mutinta atakuwepo? Atakuwepo."

Jioni nikampelekea. Blauzi ya bluu iliyoungua mkono kwa jiko la botini. Kilemba cha njano. Aproni. Nilikuwa sijavifua. Namoonga alivipokea kwa mikono miwili.

*

Siku ikafika. Wifi zake Mutinta na binamu zake, wanawake wanane hivi, walikuja gatini wamependeza. Mtungi wa pombe ya mtama waliuzungushia karatasi ya zawadi inayong'aa, na utepe mwekundu juu. Binti yetu Luyando hakuja. Alituma neno kutoka Livingstone: "Baba, mimi sitamlilia mama yangu kwa kujificha." Sikumlaumu.

Bi Chileshe akamwona Namoonga mbele, akamrukia. "Mama mwenyewe huyu! Hongera! Baba anakupenda mpaka anatia wivu!"

"Ananipenda sasa," akasema Namoonga. "Nilipokuwa nampikia alikuwa analalamika chumvi."

Nilikuwa nalalamika kweli. Alijuaje huyu mwanamke?

Diwani alikuja mwisho, suti na miwani nyeusi na jua linazama. Alikuwa anakuja huku anapunga mkono kwa watu ambao hawakuwa wanampungia. Akafika ukingoni mwa gati, akaiona boti, mkono ukabaki hewani.

"Shemeji. Boti zote za ziwa hili, umeona hii?"

"Nyingine zilinikataa, Mheshimiwa."

"Ungeniambia. Ningekupa ile mashua ya serikali."

"Niliomba. Karani wako alinifukuza."

Kapteni Mweetwa alikuwa amesimama penye daraja la kupandia. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kabla ya wakati wake. Mimi na yeye hatukusalimiana. Nilikuwa nimejiapiza sitamwuliza kitu. Shida yangu ilikuwa moja tu, Mutinta aliliwe basi.

Lakini kwa Diwani, kapteni alivua kofia.

"Mheshimiwa. Umerudi."

"Sikujui," akasema Diwani, akampita.

Mimi nikajisemea, ndivyo walivyo. Wakati wa kura wanakula kwenye sufuria yako, wakishiba hawakujui. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mungu angenipa akili nusu ya hasira aliyonipa, ningefikiri.

Bi Chileshe akabaki gatini anapunga mikono yote miwili. Tukaondoka.

*

Muziki ukapigwa. Wanawake wakacheza ili waonekane wanacheza. Mpishi mpya akaleta nyama, akaleta soda, kisha akaleta keki akaiweka kwenye meza karibu na usukani. Nyeupe, na maandishi mekundu: HERI MUTINTA.

Kapteni aliisoma. Akaisoma tena.

"Mzee," akaniita. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu aape. "Mutinta gani huyu?"

"Ni huyohuyo."

Akageuza uso majini. "Tunakwenda wapi?"

"Nyuma ya kisiwa cha pili. Pale vyelezo vinapowashia taa."

"Kwa nini pale?"

"Wewe ndiye ungeniambia."

Boti ilikwenda palepale, moja kwa moja, kama punda anayejua zizi lake. Mtu ambaye hakuangusha kitu mahali hapajui namna ile. Hilo nililiona.

Jua likaingia nyuma ya milima. Vyelezo vikaanza kuwasha taa, moja huku, moja kule, mbali. Nikamwambia mpiga muziki azime. Nikamwambia kapteni asimame.

"Injini siwezi kuzima," akasema. "Upepo utatusukuma kwenye miti. Nitakwenda polepole."

"Nenda polepole."

Wifi wakatoa mnyororo wa lango la nyuma, lile la kushukia kuogelea. Wakaufungua utepe, wakaichana karatasi, mtungi ukatoka. Harufu ya pombe ikatuingia sote, na pale pale mwanamke mmoja akaanza kulia. Mpishi mpya akatoa macho.

"Kwani hii si siku ya kuzaliwa?" akauliza.

Wifi mmoja akampa ile karatasi aishike.

Wa kwanza kumwaga ni kaka. Diwani akapokea kata, akachota, akasimama langoni mgongo kwa maji. Miwani alikuwa ameivua. Pombe ilikuwa inamwagikia suti.

"Haya," akasema. "Tufanye haraka."

"Mbona haraka hivyo, kaka? Umeacha jiko linawaka?"

Sauti ilitoka jikoni. Wallahi, ninyi mnaonisoma, nilijua ni Namoonga. Nilimpa nguo mwenyewe, na humo ndimo alimoingia kuzivaa. Lakini miguu yangu haikujua. Ilinipeleka hatua mbili kuelekea sauti ile kabla sijaikamata.

Akatokea. Bega moja juu, moja chini, vile Mutinta alivyobeba ndoo maisha yake yote. Kilemba cha njano kimeteleza kisogoni. Mkononi kikombe.

"Loo, kumejaa! Nilipokuwa hai hamkuja kunisalimia, leo mmekuja na mapambo!" Akampita wifi mmoja, akamnusa. "Wewe, rudisha kitenge changu." Kicheko na kilio vikatoka pamoja. Akafika kwangu, akaniangalia juu mpaka chini. "Na wewe umekonda. Nani anakupikia? Hakuna? Safi. Sasa utajua chumvi ni nini."

Nilitaka aendelee. Nilitaka anitukane mpaka asubuhi.

Akanipita akaenda penye usukani. Kapteni alikuwa ametupa mgongo, ameshika usukani kwa nguvu, haangalii nyuma. Namoonga akasogea mpaka begani kwake.

"Kapteni, chai yako hii," akasema kwa sauti ile. "Samahani imechelewa, na imeingia maji kidogo. Nimeileta kutoka chini."

Kapteni akageuka.

Kikombe kilianguka, sijui alikipiga yeye au Namoonga alikiachia. Kapteni alikuwa ameshapiga magoti. Mtu mzima, na kofia yake.

"Mama, nisamehe. Nilitaka kugeuza. Nilishashika usukani nigeuze, Mutinta, haki ya Mungu."

Kicheko kikakatika kama uzi.

Mtani mwingine angeogopa, angevua kilemba. Namoonga ni Mbuzi wa Mbuzi. Hakuiacha sauti.

"Sasa mbona hukugeuza?"

"Aliyekodi alikataa."

"Nani alikodi?"

Kapteni hakutaja jina. Macho yake yalipita juu ya bega la Namoonga, yakapita juu yangu, yakaenda mpaka nyuma kabisa, langoni, kwa mtu mwenye kata ya pombe.

"Huyu amelewa," akasema Diwani.

"Sinywi, Mheshimiwa. Sijaionja tangu jioni ile."

"Nitakufukuzisha kazi."

"Nifukuzishe." Kapteni akasimama, akaushika tena usukani, akasema bila kutuangalia, kama mtu anayeusemesha ule mlima mbele. "Ilikuwa sherehe yako ya kupata udiwani. Wakubwa wa Lusaka walikuwa wamejaa huku juu. Mnyororo wa lango haukufungwa. Mpishi alikwenda nyuma kumwaga maji ya vyombo. Tukasikia sauti. Nikakujia mwenyewe, nikakuambia mpishi ameanguka, nigeuze? Ukaniambia, endelea. Wavuvi wapo, watamwokota. Usiniharibie wageni kwa ajili ya mpishi mmoja."

Mpishi mmoja.

Nilisikia injini. Nilisikia maji yanapiga ubavu wa boti. Nikaikumbuka asubuhi iliyofuata, nilipokwenda kwa Diwani nalia, nikamwambia Mutinta hajarudi, alikuwa kwenye boti ya starehe. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Mimi nilidhani ni uchungu wa damu. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimletea maji ya kunywa.

Na siku zote zile za hakuna maiti, hakuna msiba! Matanga yana maswali. Wazee wangeuliza alikufaje, nani alikuwapo. Ndiyo maana.

"Sikujua ni yeye!" Diwani akapiga kelele. "Nani aliniambia anapika humu? Mimi nilijua ni mpishi tu!"

Hakuwahi kuuliza dada yake anakula nini, atajuaje anapika wapi?

Hakuna mwanamke aliyelia sasa. Walikuwa wanamwangalia. Namoonga akatoka penye usukani akaanza kumfuata, taratibu, bega moja juu.

"Kaka," akasema.

"Namoonga, acha."

"Namoonga nani? Mimi dada yako. Nijibu jambo moja, kaka, kisha nitakwenda zangu. Ningekuwa dada wa mtu mwingine, ungeniacha?"

"Nimesema acha! Nitakushitaki!"

"Unamkasirikia mtani? Utatozwa kuku." Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamchuruzika mpaka shingoni kwenye blauzi ya Mutinta. "Nimwagie pombe basi, mwana wa mama yangu. Nina kiu. Ya maji sina."

Akanyoosha mkono apokee kata.

Diwani akarudi nyuma hatua moja.

Kata ndiyo iliyotangulia. Kisha yeye. Hakupiga hata kelele. Lango lilikuwa wazi, nyuma yake hapakuwa na kitu, akaingia ndani ya kile kisicho kitu, suti na viatu na vyote.

Boti ikaendelea kwenda. Polepole, kama nilivyoagiza.

Wanawake wakakimbilia langoni. Giza lilikuwa limeshashika maji, unaona rangi tu. Kikatokea kichwa, kikapotea, kikatokea. Mbali kidogo. Kisha mbali zaidi.

"Shemeji!"

Ananiita mimi. Miaka yote nilikuwa shemeji wa kufungiwa mlango.

Kule mbele yake taa za vyelezo zilikuwa zinawaka vizuri kabisa. Wavuvi wapo, nikajisemea. Yale maneno yalikuja yenyewe mdomoni, tayari yameshapikwa, hayakuhitaji hata chumvi. Wavuvi wapo, watamwokota.

Kapteni alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa kwangu. Hakumwangalia mtu mwingine yeyote.

"Mzee! Leo mwenye kukodi ni wewe. Nigeuze?"

Namoonga alivua kilemba cha njano. Alikikunja, akakikunja tena, akaninyooshea. Nilimtazama nikingoja anitukane, aniambie la kufanya kwa sauti ya Mutinta. Akageuka, akayatazama maji.

"Shemeji!" Sasa ilikuwa ndogo.

Juu ya meza keki ilikuwa nzima, hakuna aliyeigusa. Jina lake lote lilikuwepo.

"Mzee," akasema kapteni, na safari hii hakuwa anauliza, alikuwa anaomba. "Usinifanye niendelee tena."

Nikakifumbata kilemba kiganjani. Nikafungua mdomo.